Tunza Mchanga, Kasa Atajitunza



Kila mtoto wa Lubutu amjua kobe. Amemwona sokoni, amefungwa kwa kamba ya mti, angali hai ingawa amekaa siku nyingi bila chakula. Tena amemsikia katika hadithi za jioni, mwendo wake mdogo na akili zake nyingi. Wengine kwetu humwita koba. Lakini ndugu yake akaaye baharini, ambaye watu wa pwani humwita kasa, ni wachache kati yetu waliopata kumwona. Juma hili twapenda kuwaeleza habari za watu wanaojitolea kupalinda na kupatengeneza mahali ambapo kasa hutaga mayai yake, kwa maana katika kazi yao limo fundisho ambalo sisi watu wa msituni tunalihitaji.

Labda mmoja atauliza: bahari iko mbali sana, yatuhusu nini? Jibu letu ni hili: maji hayana mpaka. Vijito vya nchi yetu huteremka hata mto Lowa. Lowa humwaga maji yake katika Lualaba. Na Lualaba, ukiisha kupita maporomoko ya Kisangani, huitwa Kongo, ukaenda kuingia katika bahari ya Atlantiki penye Banana na Muanda. Mto huo wote, tangu chanzo chake hata bahari, una urefu wa kilomita zipatazo 4,700. Pale Muanda, katika nchi yetu hii hii, tuna ukanda mfupi wa pwani usiofika kilomita 50, na huko kasa hutoka majini usiku kuja kutaga. Mwaka 1992 Serikali ilitenga huko Hifadhi ya Mikoko, na wako wenyeji walioungana kuyalinda mayai ya kasa. Mmoja wa kasa wa huko ni yule mkubwa kuliko wote, ambaye badala ya gamba gumu ana mgongo kama wa ngozi. Chakula chake hasa ni yavuyavu, yule kiumbe laini wa baharini apitishaye nuru kama kioo. Mfuko wa plastiki ueleao majini hufanana naye sana. Kasa akiumeza, huziba matumbo yake, naye huweza kufa. Basi mfuko utupwao kijitoni hapa Lubutu waweza, mvua kwa mvua, kusafiri njia ile yote mpaka mdomoni mwake.

Walakini kazi hii ya kujitolea imejulikana zaidi upande wa mashariki, katika pwani ya Kenya na Tanzania, ambako lugha hii tunayoandikia ilizaliwa. Kabla ya kuieleza, yafaa kwanza tujue maisha ya kasa yalivyo.

Duniani ziko aina 7 za kasa wa baharini, na 5 kati yake huonekana katika pwani hiyo ya mashariki. Wanaotaga huko kwa wingi ni kasa wa kijani, na baada yake ng'amba. Kasa jike huishi baharini maisha yake yote, ila wakati wa kutaga hupanda ufukoni usiku, akijikokota kwa shida, kwa kuwa miguu yake ni ya kuogelea wala si ya kutembea. Juu ya mstari wa maji kujaa, huchimba shimo kwa miguu ya nyuma, ambalo chini yake hufika hata sentimeta 50 au zaidi. Humo hutaga mayai 100 au kupita, meupe, ya mviringo, yenye ganda laini. Watu wakimwona na machozi usoni hudhani analia kwa uchungu. Kumbe anaitoa chumvi ya bahari iliyozidi mwilini mwake. Akiisha, hulifukia shimo, husambaza mchanga ili kuficha mahali, kisha hurudi majini. Katika msimu mmoja hufanya hivyo mara kadhaa, na baadaye hupumzika miaka miwili au zaidi.

Hapo ndipo umama wake uishiapo. Hatarudi kuyaangalia mayai, wala hatawajua watoto wake. Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana. Kasa hana hata huo mmoja. Mlezi wa watoto wake ni mchanga. Mchanga ndio unaoyapa mayai joto kwa siku 50 au 60 hivi. Mchanga ndio unaoyaficha. Na ni joto la mchanga linaloamua kama mtoto atakuwa dume au jike, maana mchanga wa baridi huzaa madume wengi, na mchanga wa moto huzaa majike wengi. Kisha watoto hupasua mayai, hupanda juu kwa pamoja, na usiku hutoka mbio kuelekea upande wenye mwanga zaidi. Tangu zamani za kale upande huo ulikuwa bahari, ingiayo mwanga wa mwezi na nyota, nao upande wa giza ulikuwa nchi kavu yenye miti.

Msomaji akiyatafakari haya ataona kwa nini kasa wamepungua. Wako waliouawa kwa nyama, na wako waliouawa kwa gamba. Gamba la ng'amba limekuwa bidhaa ya pwani ya Afrika Mashariki kwa muda wa miaka karibu 2,000; kitabu cha wafanyabiashara kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, kiitwacho Periplus, kilikwisha kulitaja pamoja na pembe za ndovu. Nyavu za wavuvi nazo zimewanasa wengi. Lakini hata kama wote hao wasingeguswa, bado kasa angeweza kwisha kwa kukosa mahali pa kutagia. Mchanga huchotwa ukapelekwa kwa wajenzi. Kuta za mawe hujengwa mbele ya nyumba, mama akipanda hukuta ukuta, akageuka na kurudi. Taa za hoteli na barabara huwaka usiku kucha, na watoto wachanga huziendea badala ya kuiendea bahari; asubuhi huokotwa wamekauka kwa jua au wamekanyagwa na magari. Hata miti, ambayo sisi sote twaisifu, ikipandwa pasipo kufikiri huweza kudhuru: mivinje ikipandwa karibu mno na maji, mizizi yake huzuia kuchimba, na kivuli chake huupoza mchanga uliozoea jua.

Basi tuwatazame wale waliokataa kukaa kimya. Huko Watamu, kaskazini ya Mombasa, ambako hifadhi ya bahari ilitengwa mwaka 1968, wakazi wa mahali hapo walianza mwaka 1997 kuungana ili kuvilinda viota vya kasa. Walitembea ufukoni usiku, wakitafuta alama zifananazo na za gurudumu la trakta, ambazo kasa huziacha mchangani. Mwaka uliofuata wakaanza kuelewana na wavuvi: kasa akinaswa wavuni, mvuvi huwaita, nao huja kumpima, kumtibu kama ni mgonjwa, na kumrudisha baharini, mvuvi naye hupewa fedha kidogo kwa ajili ya muda wake na wavu wake.

Katika kisiwa cha Mafia, kusini ya Dar es Salaam, kazi ya namna hiyo ilianza mwaka 2001, na chama kilichoianzisha sasa huitwa Sea Sense. Huko viota vingi vilikuwa vikifukuliwa na mayai kuliwa. Chama hakikuleta walinzi kutoka mjini. Kiliwachagua watu wa vijiji vyenyewe, kikawafundisha kuzitambua alama, kuandika hesabu ya viota na mayai, na kukilinda kila kiota mpaka watoto watoke. Mwanakijiji aliyeonyesha kiota kipya alilipwa kitu kidogo, na watoto walipotoka salama alilipwa tena. Baadaye, katika kisiwa kidogo cha Juani, wageni walianza kuja kuwatazama watoto wa kasa wakishuka baharini, na sehemu ya fedha wanazolipa huingia katika mfuko wa kijiji.

Lakini yatupasa kuieleza kazi yenyewe ilivyo, kwa sababu wengi hudhani ya kuwa kumsaidia mnyama ni kumshika. Mwenye huruma akikuta mayai hutaka kuyahamisha. Akiwakuta watoto hutaka kuwabeba mpaka majini, au kuwatia ndooni awafuge hadi wakue. Huruma hiyo, isipokuwa na maarifa, huua. Yai la kasa likiisha kukaa saa chache, kitoto kilicho ndani hujibandika juu ya ganda. Ukiligeuza yai, kitoto hufa. Kwa hiyo mayai huhamishwa tu ikiwa maji ya bahari hayana budi kukifikia kiota, nayo huhamishwa mara baada ya kutagwa, na mtu aliyefunzwa, bila kugeuzwa, yakatiwa katika shimo lenye kina kilekile. Watoto nao huachwa watembee wenyewe mchangani, ingawa ni hatua za shida, kwa maana ndiyo njia yao ya kuielekea bahari na kuanza kuogelea. Nao wataalamu wengi hufikiri kwamba katika saa hizo za kwanza hujifunza mahali walipozaliwa, ili siku moja waweze kurudi.

Basi mtu wa kujitolea hufanya nini? Huzoa takataka na nyavu mbovu, ili mama asizuiwe na watoto wasinaswe. Husawazisha mashimo yaliyochimbwa na watu na nyayo zenye kina, ambazo kwa mtoto mwenye urefu wa kidole ni kama mabonde. Huwaomba wenye nyumba kuzima taa au kuzikinga upande wa bahari. Huacha mimea itambaayo ya ufukoni imee tena, ile yenye maua ya zambarau, kwa kuwa hushika mchanga usipeperuke. Huwafukuza mbwa. Kisha huketi gizani, kimya, akingoja. Kwa neno moja, humtengenezea kasa mahali pake, kisha humwachia kazi yake.

Hata mataifa tajiri yamejifunza hivyo hivyo. Katika kisiwa cha Raine Island, kaskazini-mashariki ya Australia, ambako kasa wa kijani hukusanyika kutaga kuliko mahali pengine popote duniani, ilionekana ya kuwa majike hupanda kwa maelfu lakini watoto watokao ni wachache. Maji yalikuwa yakipanda chini ya mchanga na kuyazamisha mayai. Tangu mwaka 2014 mchanga wa huko uliinuliwa kwa mashine, ili viota vipate pakavu. Hata hivyo mchanga mwingi peke yake hautoshi. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza ya kuwa kati ya kasa wachanga waliozaliwa katika fuko za kaskazini za nchi hiyo, zaidi ya 99 kwa kila 100 walikuwa majike, kwa sababu ya joto kuzidi. Mchanga ni mlezi, lakini nao ukipata homa, watoto wake hupata hasara.

Sasa tuwaombe wanafunzi wetu wachukue kalamu. Hukadiriwa ya kuwa kati ya watoto 1,000 wa kasa, labda mmoja tu hufikia utu uzima. Wengine huliwa na kaa, kenge, ndege na samaki. Kiota kimoja kina mayai yapata 100. Basi mtu alindaye viota 10 msimu mzima, akikesha usiku mwingi, akivumilia mvua na usingizi, ameipa bahari labda kasa mmoja mzima. Na kasa huyo wa kijani hatapanda ufukoni kutaga kabla ya miaka 20 au 30 au hata zaidi kupita. Kijana wa miaka 20 akilinda kiota leo, atamwona mtoto wa kiota kile akirudi kuwa mama wakati yeye mwenyewe ana wajukuu, ikiwa atajaliwa kuishi.

Je, ni haki kumwomba mtu maskini kazi ya namna hiyo? Swali hili si la kupuuzwa. Mama mwenye watoto wenye njaa akilifukua shimo na kukuta mayai 100, amepata chakula. Kumwambia ayaache kwa ajili ya kasa atakayerudi baada ya miaka 30 ni rahisi kwa mtu aliyeshiba. Ndiyo maana twawasifu watu wa Mafia na wa Watamu, ambao hawakuanza kwa kugomba. Sheria zipo, Kenya na Tanzania hukataza kuua kasa na kuchukua mayai yake. Lakini wao walitambua ya kuwa sheria haikeshi ufukoni usiku. Akeshaye ni jirani, naye jirani hukesha vizuri akijua kwamba kijiji chake kimepata faida na watoto wake hawakunyang'anywa.

Liko tena jambo lingine ambalo kila mzazi yampasa kulijua. Nyama ya kasa mara nyingine huwa na sumu isiyoonekana, wala haiondoki kwa kupikwa. Mwezi wa Machi mwaka 2024, katika kisiwa cha Pemba, watu 9 walikufa baada ya kula nyama hiyo, 8 kati yao wakiwa watoto, na wengine 78 walilazwa hospitalini. Mwaka 2021 pia watu 7 walikufa kisiwani humo kwa sababu ile ile. Watoto wadogo ndio walio katika hatari zaidi. Basi yule amwachaye kasa aende zake huenda ameokoa zaidi ya kasa.

Na sasa turudi nyumbani. Katika msitu wetu yuko kobe ambaye gamba lake, upande wa nyuma, lina kiungo kama bawaba ya mlango. Akiogopa, huufunga mlango huo nyuma ya miguu yake. Katika mito ya bonde la Kongo wako kobe wa majini, na mmoja wao, mkubwa mwenye gamba laini, huchimba viota katika fungu za mchanga za kando ya maji, kama kasa afanyavyo baharini. Yule wa msituni hutaga mayai machache tu, yasiyozidi hesabu ya vidole vyetu vya mikono. Hakimbii, haumi, hahitaji bunduki wala mtego. Apitaye humwokota kama aokotavyo kuni. Hifadhi ya Maiko, iliyotengwa mwaka 1970 na kuigusa nchi yetu ya Lubutu, husifiwa kwa gorila na okapi. Lakini kobe hatajwi, wala hana mlinzi ila yule apitaye njiani.

Mnyama azaaye kwa haraka akiwindwa, pengo lake huzibwa upesi. Mnyama akuaye polepole na kuzaa kidogo hana njia ya kulipa deni kubwa. Kama tukiwachukua majike makubwa kila siku, tutaendelea kuwaona kobe sokoni miaka kadhaa, nasi tutasema, mbona wako. Kumbe ni wazee tu waliosalia, na chini ya majani hakuna watoto.

Hatuwaambii wasomaji wetu waache kula. Twawashauri mambo machache ambayo familia yaweza kuyafanya bila fedha. Ukikuta mayai ya kobe, yafukie tena kama yalivyokuwa, bila kuyageuza. Ukikutana na jike kubwa mahali pa kutagia, liache lipite. Kabla ya kuchoma shamba lililofyekwa, watoto na walizunguke wakawatoe kobe, kwa maana mwendo wao hauwezi kuushinda moto. Fungu la mchanga la mtoni ambalo wavuvi wajua kwamba kobe hulitumia, lisichotwe mchanga, wala lisifanywe jalala. Mfuko wa plastiki usitupwe kijitoni. Na walimu wenzetu, mwaweza kuwapa wanafunzi daftari moja la darasa, waandike tarehe na mahali kila waonapo kobe au kiota, bila kumgusa. Baada ya miaka 10 daftari hilo litajua habari za msitu wetu kuliko wakubwa wengi. Nao watoto walioliandika hawatakuwa tena watu wa kupita tu mbele ya kobe.

Watu wa Juani hawawafahamu kasa wanaowalinda, wala kasa hawawafahamu wao. Wanalinda mchanga tu, wakiamini ya kuwa mchanga ukiwa salama, mama atarudi, ingawa atakayemwona akirudi huenda akawa mtu mwingine. Sisi nasi tumekabidhiwa majani, vijito na fungu za mchanga za kando ya mito yetu. Tuvitunze, na kobe atafanya yaliyobaki kwa mwendo wake mwenyewe.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya samaki wa mito yetu na nyavu zenye matundu madogo. Kwaherini, ndugu wasomaji.